Kumwigizisha Mtoto Msiba Wake

Imeenea dhana, na wenye huruma ndio waishikao zaidi, ya kwamba kijana aliyeonja vita akipandishwa jukwaani akahadithia kwa kinywa chake jinsi nduguye alivyouawa, machozi yake yatamwosha moyo, naye atashuka hali amepona. Naikataa dhana hiyo, tena naiona ina madhara, kwani yamfanya mtoto mwigizaji wa msiba wake mwenyewe mbele ya wageni ambao usiku hulala kwa amani makwao, ilhali yeye hulala palepale alipojeruhiwa.

Na itazamwe kambi ya wakimbizi ya Jenin, Palestina, ambako zama za Intifada ya kwanza Bibi Arna Mer-Khamis aliwaanzishia watoto nyumba za masomo na michezo, na kwa fedha za tuzo aliyopewa Uswidi mwaka 1993 wakapata ukumbi wa tamthilia. Arna alifariki mwaka 1995. Mwaka 2002 jeshi la Israeli likabomoa sehemu kubwa ya kambi, na ukumbi ukaangamia. Mwanawe, Juliano, aliporudi kuwatafuta wale watoto aliowapiga picha wakicheza, alikuta baadhi yao wamekwisha kufa na silaha mikononi. Je, tamthilia iliwakhini? Hasha! Iliwapa utoto wa miaka kadhaa, nayo ni neema kubwa. Waliokhini ni wale walioitaka ifanye kazi ya amani, na amani yenyewe haikuletwa.

Juliano aliposhiriki kuasisi ukumbi mwingine mwaka 2006, The Freedom Theatre, vijana hawakuachwa wakae wakiwalilia wafu wao. Mwaka 2009 walicheza kisa cha George Orwell tukijuacho sisi kwa jina la Shamba la Wanyama, wakajivika unguruwe na ufarasi, wakawasuta watawala, wa kigeni na wa kwao pia. Kijana aliyezoea kuitwa mhanga, anapohifadhi maneno ya kiumbe asiyefanana naye, akangojea zamu yake, akakosolewa na mwalimu kama fundi akosolewavyo, hupata heshima ambayo huruma ya watazamaji haimpi kamwe. Basi wafadhili waulizao kila mwaka wamepona wangapi, na waulize kama mwalimu amelipwa.

Tarehe 4 Aprili 2011 Juliano aliuawa kwa risasi karibu na ukumbi wake. Wanafunzi wake walirejea jukwaani mwaka uleule.