Kontena za Programu Zifike Kiamaiko

Anayetafuta kazi ya kuchinja Kiamaiko, Nairobi, hapewi daftari. Anapewa kisu, anasimama kando ya mzoefu, na mbuzi waliotoka Marsabit au Moyale wanamsubiri. Kontena za programu nazo zingefaa kufundishwa hivyo hivyo.

Hizi si za chuma kama zile zinazoshushwa Embakasi, ingawa wazo ni moja: programu hufungwa pamoja na kila inachohitaji, ikasafiri bila kufunguliwa njiani. Docker, programu ya kutengeneza kontena hizi, ilitoka 2013. Mwaka uliofuata Google ikatoa Kubernetes, jina la Kigiriki la mshika usukani, maana kontena zikifika mia lazima awepo wa kuziongoza.

Warsha ya kontena ikianza na slaidi za saa mbili, mwanafunzi husinzia, na ana haki. Heri aambiwe aue kontena moja makusudi, kisha atazame Kubernetes ikiwasha nyingine mahali pake. Hapo atauliza mwenyewe: nani kaiwasha?

Vijana wa Huruma na Mathare hawahitaji mitambo ya mamilioni. Faili ya K3s, toleo dogo la Kubernetes lililotoka 2019, haifiki megabaiti 100, na laptopu ya mitumba huiendesha.

Bando ndilo tatizo. Darasa zima likipakua faili zile zile, pesa huyeyuka. Mwalimu makini hupakua mara moja usiku, akaweka kwenye kompyuta yake, wanafunzi wakachota kwa waifai ya chumbani. Stima zikipotea, laptopu zina betri, ruta haina.