Kifusi cha Dar: Nondo zinauzwa, zege linatupwa

Nyumba ikivunjwa Dar es Salaam, vitu huondoka kwa mpangilio unaojulikana. Yanatangulia mabati, milango, madirisha na mbao. Kisha wanakuja vijana wa vyuma chakavu na nyundo zao, wanatwanga nguzo hadi nondo ya mwisho itoke. Kinachobaki ni lundo la zege, matofali na plasta ambalo kila mtu analikimbia.

Kiasi kidogo hufukia mashimo ya barabara za mitaa au kuinua viwanja vya bondeni. Kingine huishia pembeni ya mito na mitaro, mvua zikija kinaziba njia ya maji.

Na kifusi hakijawahi kukosekana. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Bonde la Msimbazi, ambako wakazi waliolipwa fidia walibomoa wenyewe ili waokoe chochote kinachouzika.

Tofali linatoka?

Linatoka. Utafiti wa wataalamu wa Tanzania na Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 ulitengeneza matofali kwa kokoto za kifusi. Asilimia 85 ya yaliyopimwa yalifikisha newtoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini cha tofali la kubeba mzigo.

Lakini watafiti hao hao walikuta kokoto hizo ni dhaifu kuliko za mawe mapya. Sababu ni saruji ya zamani iliyoganda juu yake. Inanyonya maji, na fundi akiongeza maji ovyo ili mchanganyiko ulainike, zege linapoteza nguvu. Kwa hiyo zinafaa zaidi kwenye matofali ya ukuta, vitofali vya njia za miguu na tabaka la chini la barabara. Nguzo za ghorofa ni habari nyingine kabisa.

Hofu ya wanunuzi ina msingi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 bado liko kwenye kumbukumbu, na hakuna anayetaka kusikia neno "kifusi" kwenye jengo lake. Ila ukweli usemwe: tofali linalomeguka kwa mkono linauzwa mitaani kila siku, nalo limetengenezwa kwa mchanga mpya. Tatizo lake ni saruji ya kuibia na kukosa vipimo, na kifusi kisichopimwa kitaleta balaa lile lile.

Kinachokwamisha

Mashine ya kusaga si kikwazo kikubwa. Kunduchi kina mama wamegonga kokoto kwa nyundo miaka na miaka. Ugumu uko pale nyumba inapoanguka: zege linachanganyika na jasi ya dari, mbao, plastiki na udongo, na aliyepewa kazi ya kuvunja halipwi kutenganisha. Analipwa kuacha kiwanja cheupe.

Halafu kuna bei. Mchanga wa mtoni ni rahisi kwa sababu anayeuchimba halipii kingo zinazomeguka. Anayelipa ni mwenye nyumba pembezoni mwa Mto Tegeta au Mto Mbezi, ambaye kila masika anaona uwanja wake ukipungua.

Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la kurejesha kwenye matumizi asilimia 70 ya taka za ujenzi ifikapo 2020. Hata huko, sehemu kubwa huingia chini ya barabara, si kwenye kuta mpya. Dar inaweza kuanzia hapo hapo bila aibu.

Mvunjaji mkubwa wa jiji hili ni Serikali, na mjenzi mkubwa ni Serikali hiyo hiyo. Mkataba wa kubomoa ukidai zege litenganishwe, na mkataba wa barabara ya mtaa ukikubali kokoto zake baada ya kupimwa maabara, lile lundo litapata mteja kabla lori halijaligeuzia mtoni.