Si Kelele Zinazoupima Wimbo



Kila mara vikundi vyetu vya parokia vinapozungumzia muziki, swali moja hurudi: je, yafaa Mkristo asikilize muziki wa kelele? Wanaouliza huwa wanafikiria hasa ule unaoitwa nu-metali: magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, maneno yanayotamkwa kwa mtindo wa rapu, kisha sauti ya mwimbaji inayopanda mpaka ikawa kilio. Wazee husema upesi kwamba huo ni muziki wa shetani. Vijana hujibu, kwa upesi uleule, kwamba muziki ni muziki tu. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yanakwepa kazi ya kufikiri. Nyimbo mbili, mmoja wa kwetu na mmoja wa mbali, zitatusaidia kuona sababu.

Wimbo wa kwanza ni wa Kamina, katika Katanga ya zamani. Mwaka 1953 alifika huko Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Aliunda korali ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo, iliimbwa kwa mara ya kwanza Misa yao, Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti na midundo ilitoka katika nyimbo za wenyeji wa Katanga na Kasai. Katika Nasadiki, panapotajwa kusulibiwa kwa Kristu, ngoma hulia kama inavyolia kutangaza kifo kijijini. Sanctus, yaani Mtakatifu, ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hapakuwa na noti zilizoandikwa: waliitunga kwa kuimba, na sauti ya tenori iliyoongoza ilikuwa ya mwalimu wa shule, Joachim Ngoi.

Tukumbuke kwamba mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikuwa amekataza ngoma na vyombo vingine vya kelele katika ibada. Ni tarehe 4 Desemba 1963, miaka mitano baada ya Misa ile ya Kamina, ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayoustahili. Ngoma, ambayo leo hakuna anayeishangaa katika Misa hapa Kasaji, iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa kelele. Sisemi hivyo ili magitaa ya umeme yapelekwe altareni Dominika ijayo. Liturujia ina taratibu zake. Nasema tu kwamba sikio lililozoea jambo moja si hakimu wa kutosha.

Sasa tazameni jinsi wimbo huo ulivyopokelewa mbali na kwao. Mwaka 1968 mwongozaji Lindsay Anderson alitoa nchini Uingereza filamu iitwayo if...., inayohusu wanafunzi wa shule ya bweni. Kijana mmoja katika filamu hiyo anapenda kusikiliza Sanctus ya Kamina kwenye santuri. Mwishoni yeye na wenzake wanapanda juu ya paa na kuwafyatulia risasi walimu, wazazi na wageni. Filamu ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Mwaka huohuo Sanctus, iliyouzwa Uingereza kama santuri ndogo, iliingia katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa zaidi, ikakaa majuma 11 na kufika nafasi ya 28.

Ni haki tuone fahari. Lakini tujiulize pia: ni wangapi kati ya wanunuzi hao waliojua kwamba walikuwa wakisikia sala? Ni wangapi waliolijua jina la Joachim Ngoi? Wimbo uliotungwa na watoto na walimu kwa sifa ya Mungu ukawa umeshikamana na ndoto ya uasi na bunduki.

Wimbo wa pili ni wa P.O.D., bendi ya Wakristo kutoka San Diego, Marekani. Tarehe 5 Machi 2001, katika shule moja ya Santee, karibu na mji wao, mwanafunzi aliwafyatulia wenzake risasi, na wawili wakafa. Kutokana na msiba huo bendi ilitunga “Youth of the Nation”, wimbo wa albamu yao Satellite. Ni nu-metali, yenye magitaa mazito, lakini ndani yake mnasikika pia sauti za watoto wakiimba pamoja. Mwaka 2002 ulifika nafasi ya kwanza katika orodha moja ya muziki wa roki huko Marekani. Kiini chake ni maombolezo ya vijana waliopotea na swali la nani aliyewajali.

Linganisheni basi. Wimbo mtakatifu uliwekwa katika filamu inayoishia kwa risasi shuleni; wimbo wa kelele uliwalilia waliouawa kwa risasi shuleni. Anayepima kwa sauti peke yake atakosea pande zote mbili. Na anayesema kwamba muziki ni muziki tu, atapita karibu na sala na karibu na kilio bila kutambua chochote.

Mtume Paulo aliwataka Wakristo wa Thesalonike wapime kila jambo na kulishika lililo jema. Kupima ni kazi. Nawashauri ninyi wa Kiro, wa Skauti na wa korali mchague jioni moja, msikilize nyimbo hizi mbili, mtafsiri maneno yake pamoja, kisha mfanye vivyo hivyo na wimbo mmoja uliomo katika simu zenu. Ulizeni: ni nani aliyeutunga, na kutokana na maumivu au furaha gani? Unamtazamaje mtu? Na ukiisha, unaniacha na moyo wa namna gani kwa jirani yangu? Wazee waalikwe pia, wasikilize mpaka mwisho kabla ya kutoa hukumu.