Taa ya Nyuma Ijizime Yenyewe

Gari likisukumwa hadi kibandani kwangu hapa Mbingu, betri imelala, siulizi kwanza umri wa betri. Namuuliza dereva: taa ya nyuma ulifungiwa na nani? Jibu nalijua. Fundi alivuta waya kutoka kwenye betri, akaweka swichi, akapokea chake, akaondoka.

Taa zenyewe sizilaumu. Noah na kirikuu zinazotoka Ifakara hushusha abiria na mizigo gizani, na dereva akizima injini kuokoa mafuta bado anataka watu waone wanachobeba. Tatizo ni swichi iliyosahaulika. Taa mbili za wati 21 hula ampia 3.5. Zikiwaka tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, zimekula ampia-saa 35 za betri ya 45. Asubuhi stata inagonga "tak" basi, na mwenye gari anakwenda kununua betri ambayo hakuihitaji.

Kwangu mimi, fundi anayefunga taa moja kwa moja kwenye betri, bila rilei wala fyuzi, hajamaliza kazi aliyolipwa. Taa inaweza kujizima yenyewe, na vifaa vyake vingi vimelala kwenye boksi la vyuma chakavu.

Chukua rilei ya kawaida ya gari, ile ya miguu 30, 85, 86 na 87. Koili yake inataka kama miliampia 150. Ukitaka kuishikilia kwa kapasita peke yake, itaachia kabla hujageuza shingo. Ndiyo maana katikati tunaweka mosfeti. IRFZ44N mara nyingi utaikuta kwenye inveta mbovu za sola, na sasa huku kila mtaa una inveta mbovu. Geti la mosfeti halili umeme wa maana. Kapasita ya mikrofaradi 220, ikijimwaga taratibu kupitia rezista ya kilo-omu 470, inaiweka taa hai dakika mbili na ushee baada ya funguo kuzimwa. Dayodi moja ya 1N4007 inapitisha umeme kutoka kwenye funguo na kuuzuia usirudi. Ya pili inafungwa sambamba na koili, maana rilei ikiachia bila hiyo, umeme wa kurudi unaua mosfeti. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Mwenye magunia mengi naye nampa kitufe: akibonyeza, kapasita inajaa upya na dakika zinaanza tena.

Najua kuna vidude vya tayari vya kuhesabu muda. Sivikatai, ila vingi hula umeme hata vikiwa vimekaa bure. Miliampia 10 zinaonekana si kitu, lakini masika gari likilala mwezi mzima, hizo ni zaidi ya ampia-saa 7. Saketi yangu ikishazima haichukui chochote cha kuhesabika. Tena ikifa, fundi yeyote mwenye kifaa cha kulehemu ataifufua; kile cha tayari kitatupwa.

Vijana wanaojifunza umeme wa magari wafundishwe saketi hii mapema, kabla hata ya kufundishwa kufunga redio. Na wenye magari waache kumpa kazi fundi wa bei ya chini bila kumuuliza fyuzi ameiweka wapi. Swali hilo moja linatosha kumjua.

Wapo wanaoniomba niunganishe redio kwenye rilei hiyo hiyo, iendelee kucheza funguo zikishatoka. Nafunga. Ila ya subufa sifungi, hata mtu alipe mara mbili. Hiyo inamaliza betri mchana kweupe, injini ikiwa imezimwa na dereva mwenyewe akiwa amekaa humo humo anatikisa kichwa.