Nunua Santuri Usiyoijua

na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kwa santuri kuukuu methali hii haisemi kweli siku zote. Mnadani, baina ya pasi za mkaa na vitabu vilivyokatika majalada, hukaa nyimbo nzuri zisizopata mnunuzi kwa sababu tu waimbaji wake hawana jina. Basi maoni yangu ni haya: mwanafunzi mwenye akiba kidogo anunue santuri moja asiyoijua.

Siti binti Saad twamjua sote. Alisafiri kutoka Unguja mwaka 1928 akaimba katika santuri huko Bombay, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Je, wale wengine? Katika miaka ya 1960 na 1970 santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilitolewa kwa wingi Nairobi, kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikamba na lugha nyinginezo. Bendi nyingine zilitoa santuri chache tu, kisha zikavunjika. Wimbo wa namna hiyo hauna wasifu. Una kisahani chake tu. Kikitupwa jalalani, huenda wimbo wenyewe umekufa.

Wazazi watauliza: kwa nini kutoa fedha kwa kitu usichokijua, hali nyimbo zimejaa katika simu? Swali hilo ni la haki. Najibu kwamba simu hupenda kukuletea wimbo unaofanana na ule ulioupenda jana. Santuri ya mnadani haikujui wewe wala haikubembelezi. Yamkini ina mikwaruzo, nayo ikawa hasara; ndiyo maana nasema moja, tena ya bei ndogo, wala si kwa fedha ya madaftari. Na ukiipiga usisahau kuigeuza, maana mara nyingine utamu uko upande wa pili.

Chama chetu cha muziki na kitafute gramafoni moja. Kila mwenye santuri ailete Jumamosi tuisikilize pamoja, na yaliyoandikwa katika karatasi yake ya katikati, yaani jina la wimbo, la bendi na namba, yanakiliwe daftarini. Nanyi wazazi, kabla ya kulitupa lile kasha lililo chini ya kitanda, tuleteeni kwanza. Huenda mpiga gitaa tunayemtafuta ni babu wa mmoja wetu.