Bao la Mamluki

Msomaji mwenzangu, leo sikuletei shairi wala hadithi. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kandanda. Najua wapo watakaofunua ukurasa wa mbele haraka haraka, wakiuliza gazeti la waandishi chipukizi lina habari gani na gozi. Ngojeni kwanza. Kabla sijamaliza nitakuwa nimewagusa na ninyi, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kizimbani.

Nasema hivi: shule inayochezesha mamluki haijashinda kitu. Mwalimu anayemleta ni mwongo, mkuu wa shule anayefumba macho ni mwongo, na mwanafunzi anayeshangilia huku anajua ni mwongo vile vile. Mimi nilikuwa huyo wa tatu. Tena nilizidi, maana uongo ule niliuandika kwa mkono wangu.

Kwa wasioijua UMISSETA, ngoja nieleze. Mashindano yetu ya sekondari hupanda ngazi. Huko chini ni shule kwa shule, kisha wilaya inachagua timu yake, wilaya zinakutana mkoani, mkoa nao unachagua timu, mpaka taifa. Kwa hiyo mechi ya shule mbili mjini Musoma si ya kugombea kikombe tu. Pembeni wamekaa walimu na daftari, wanachagua. Kijana wa Nyasho au Makoko anayeota kucheza siku moja Uwanja wa Karume, pale Biashara United ilipochezea Ligi Kuu tangu ilipopanda 2018 hadi iliposhuka 2022, ndoto yake inapitia kwenye daftari lile. Na mamluki ni mtu asiye mwanafunzi wa shule hiyo, pengine si mwanafunzi popote, anayevalishwa jezi na kupewa jina la mtu aliyemo kwenye rejista.

Basi nilikuwa kidato cha tatu. Tulikutana na wapinzani wetu wa jadi, shule ya upande wa pili wa mji. Sizitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mshindi ndiye angetoa wachezaji wengi wa timu ya wilaya. Jua la saa tisa lilikuwa linachoma, upepo wa ziwa unatimua vumbi, na nyavu za magoli zilikuwa nyavu za kuvulia, tumeziazima Mwigobero.

Dakika ya 20 wakatufunga. Ilikuwa kona, beki wetu akajikwaa, jamaa akapiga kichwa. Kipindi cha pili tuliwashambulia mpaka tukakauka koo. Zikiwa zimebaki dakika tano, namba tisa wetu akapokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, akageuka, akawaacha mabeki wawili wamekaa chini. Bao. Uwanja ulipasuka. Filimbi ya mwisho ikalia ni 1-1, tukaenda kwenye mikwaju ya penalti. Wao wakakosa mmoja, sisi hatukukosa. Mkwaju wa mwisho akaja namba tisa yule yule. Golikipa akaenda kushoto, mpira ukaenda kulia. Tukambeba juu juu. Mimi nilipoteza kiatu kimoja na sikujali.

Sasa ukweli. Namba tisa yule hakuwa wetu. Alikuwa kijana wa Bunda, dereva wa bodaboda, anachezea timu ya mtaani kwao. Alitumiwa nauli, akalishwa ugali na sato kwa mama lishe, akapewa jina. Jina lenyewe lilikuwa la mwenzetu aliyekuwa ameacha shule tangu Januari kwenda kuvua visiwani, ila rejista ilikuwa bado haijamfuta. Namba tisa wetu wa kweli, aliyefanya mazoezi nasi muhula mzima, alikaa kwenye nyasi na nguo zake za nyumbani. Jezi yake ndiyo iliyovaliwa na mgeni. Aliambiwa, "Vumilia, ni heshima ya shule."

Na mimi? Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa gazeti la ukutani. Jumapili nzima nikaipiga ile habari kwa maneno matamu, Jumatatu nikaibandika. Jina nililoandika, kwa herufi kubwa, ni la yule mvuvi. Nilijua. Kila mtu alijua.

Alhamisi akaja mama mmoja kutoka Mwigobero, anauza dagaa pale. Wateja walikuwa wamemwambia mwanawe amefunga mabao. Akanikuta karibu na ubao. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, akasema, "Baba, nisomee hapo. Nasikia mwanangu amerudi shule, mbona nyumbani hajafika?"

Nikamsomea. Nilisoma mpaka mwisho, na jina nikalitaja. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Akakaza kanga yake kiunoni, akasema, "Mwambie mama yake anamsubiri." Akaondoka.

Jamani, mpaka leo sijui niuite nini uoga ule. Ila tangu siku hiyo, mtu akiniambia mamluki ni utundu wa michezo tu, naona sura ya yule mama.

Wapo watakaosema, "Mbona kila shule inafanya?" Kwanza si kila shule. Pili, hata kama ingekuwa kila shule, basi kila shule ingekuwa haijashinda kitu. Uongo haugeuki kanuni kwa kuzoeleka.

Wapo watakaosema, "Na yule kijana wa bodaboda naye si alipata nafasi ya kuonekana?" Hoja hii ndiyo inayonichefua zaidi, maana inajifanya ina huruma. Nafasi gani ya kuonekana kwa jina la mtu mwingine? Walimu wenye daftari walimpenda, wakaandika. Waliandika jina gani? La mvuvi. Kijana wa watu alicheza mechi bora kuliko zote nilizowahi kuona, na hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina lake. Kama tulimpenda kweli, tungemtafutia mechi ya timu za mitaani aje acheze kwa jina alilopewa na baba yake.

Na ushindi wenyewe ulitufikisha wapi? Timu ya wilaya ilipokwenda mkoani, mchezaji aliyeandikwa hakuweza kwenda. Bunda wangemtambua akiwa bado mlangoni. Ikatangazwa kwamba ameumia. Namba tisa wetu halali hakuwa ameandikwa, na alikuwa ameshaacha mazoezi. Tulienda hatuna mshambuliaji. Na Butiama tukatoka suluhu, Bunda wakatuchapa 2-0, tukarudi nyumbani. Uongo wetu ulitosha Jumamosi moja tu.

Wapo pia watakaosema, "Ni mpira wa watoto, acha kukuza mambo." Haya, twende huko kwa wakubwa. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia. Hawakucheza. Tulienguliwa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ya vijana, pamoja na waliokuwa na umri sahihi, ikabaki nyumbani. Gurudumu likageuka: kwa fainali za 2017 nchini Gabon, Kongo Brazzaville walikuwa wametutoa, wakaenguliwa wao kwa sababu mchezaji wao aliyelalamikiwa umri hakufika kwenye kipimo, tukaingia sisi. Wakati ule tulishangilia kwamba haki imetendeka. Na ilikuwa haki kweli. Lakini haki haiwezi kuwa tamu tunapoipokea tu, ikawa chungu tunapodaiwa.

Sasa unadhani mtu anajifunzia wapi kupunguza umri na kubadili jina? Hajifunzii Gambia. Anajifunzia kwetu, kwenye uwanja wenye nyavu za kuvulia, na anayemfundisha ni mwalimu wake.

Tena wakubwa wa shule wakumbuke: mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo hii mashuleni kwa miaka kadhaa. Kizazi kizima cha wachezaji kikapita bila UMISSETA. Ikaja kurudishwa. Kila mamluki tunayemwingiza leo ni hoja tunayomkabidhi yeyote atakayetaka kuifunga tena.

Na aibu hii kwetu Mara ni kubwa kuliko kwingine. Azimio la Musoma la 1974 lilitolewa katika mji wetu huu, na lilisisitiza kwamba mtihani wa karatasi usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, kazi na tabia navyo vihesabiwe. Shule zetu hupanda basi kwenda Butiama, watoto wakasimama kwa adabu Mwitongo mbele ya kaburi la Mwalimu. Wanaambiwa huyu ndiye aliyeng'atuka mwaka 1985 kwa hiari yake, na kwamba hilo neno kung'atuka ni la Kizanaki, la hapa hapa. Mtoto anaandika kwenye daftari. Jumamosi anaona mwalimu yule yule akimvalisha dereva wa bodaboda jezi ya mtoro. Ataamini lipi, la Butiama au la uwanjani?

Sasa nawageukia ninyi wenzangu wa kalamu, mliodhani mmenusurika. Shairi ulilolinyofoa kwenye gazeti la zamani ukabadili beti mbili na kuweka jina lako, hilo ni mamluki. Insha ya mashindano iliyoandikwa na kaka yako wa chuo, hiyo nayo ni mamluki, na aliyeshika namba mbili kwa insha yake mwenyewe ndiye yule kijana aliyekaa kwenye nyasi bila jezi. Msiniambie fasihi ni kitu kingine. Sisi ndio tunaoandika majina. Tukiandika jina la uongo, anakuja mama wa mtu kuulizia mwanawe.

Nataka mambo matatu, na hayana gharama. Rejista yenye picha ije uwanjani, na nahodha wa wapinzani aruhusiwe kuikagua kabla ya filimbi. Shule itakayokamatwa ikae nje mwaka mzima, na mwalimu aliyehusika asipewe timu tena. Na kila shule iwe na mtu wa kuandika mechi, aandike aliyecheza, si aliyetajwa. Ikibidi kufungwa, tufungwe tukiwa sisi wenyewe.

Kwa upande wangu deni ninalo, nalilipa hapa, japo nimechelewa. Mama wa Mwigobero, mwanao hakucheza siku ile. Namba tisa aliyekaa kwenye nyasi, jezi ilikuwa yako. Na bao la mamluki si bao, kwa hiyo matokeo sahihi ya mechi ile, ambayo gazeti langu la ukutani halikuyaandika, ni haya: tulifungwa 1-0.