Usuhuba Si Mahaba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, wazee wa nyumba na mama wa watoto, yako maneno mawili yasemwayo mabarazani siku hizi, na yote mawili ni ya kukataliwa. La kwanza ni la mzazi asemaye, "Hizo ni katuni tu, mwache mtoto ajifurahishe." La pili ni la mzazi aliyeivunja simu ya mtoto, akamtia fimbo, kisha akaanza kumtazama kila kijana afuatanaye na mwenziwe kwa jicho la shaka. Wa kwanza amelala. Wa pili ameamka kwa kelele akampiga asiye mwizi. Na ijapokuwa wawili hawa wanagombana, mimi nasema kuwa wote wamekipa ushindi kitabu kile kile.

Khabari yenyewe ni hii. Katika simu za vijana wetu mna vitabu vya picha vya Kijapani viitwavyo manga. Kurasa zake hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, hata mtoto wa chuoni aliyezoea juzuu yake hapotei njia. Kimoja katika hivyo chaitwa FAKE. Mtungaji wake ni mwanamke wa Kijapani, Sanami Matoh. Kilitoka kidogo kidogo tangu mwaka 1994 hata 2000, kikakusanywa katika mijalada 7, kisha mwaka 2003 na 2004 kikatolewa kwa Kiingereza huko Marekani. Nami sisemi kwa kusikia. Nimesomewa na kijana ajuaye Kiingereza, nami nikitazama picha, kwani si haki kukihukumu kitabu kwa jalada lake.

Kisa chake ni cha askari kanzu wawili wa polisi ya New York, Dee na Ryo, waliopangwa kufanya kazi pamoja. Wanafuatia wauaji, wezi na wauza madawa ya kulevya. Mtoto mmoja, Bikky, baba yake anauawa katika biashara hiyo ya madawa, na Ryo anamchukua nyumbani kwake akamlea. Mpaka hapo, ni nani atakayelaumu? Kumlea yatima, kushirikiana katika kazi ya khatari, kumlinda mwenzio mgongo, haya yote ni mambo mema. Lakini tangu mjalada wa kwanza Dee anamtaka Ryo kwa matamanio, na mijalada yote saba ni safari ya kumfikisha Ryo kwenye kukubali. Mwishowe wanaifikia haramu.

Hukumu ya jambo hilo katika sheria yetu inajulikana, na maulamaa hawakukhitalifiana juu ya uharamu wake. Sina haja ya kuirefusha. Nililokusudia ni jambo jingine, ambalo halitajwi na ndilo lililotuumiza zaidi.

Kitabu hiki kimeuchukua usuhuba wa watu wawili wafanyao kazi pamoja, kikauvua jina lake. Kila wema mmoja amfanyiao mwenziwe huhesabiwa kuwa ni hatua ya kwenda chumbani. Ushujaa, huruma, kungojeana, kusameheana, yote yameandikwa katika daftari moja, daftari la matamanio. Msomaji akikifunga kitabu anaondoka na somo hili: kwamba wanaume wawili wakipendana sana, basi hapana mwisho mwingine ila huo. Somo hilo ni la uwongo. Na madhara yake hayamfikii yule tu atakayeiga. Yanamfikia na kijana mwema, atakayeanza kuogopa kumpenda rafiki yake.

Tazameni hata lugha yetu. Neno mahaba asili yake ni mahabba, na kwa Kiarabu hilo ni pendo lolote, la mzazi, la ndugu, la mja kwa Mola wake. Sisi Waswahili tumelifungia kwa wapenzi. Lakini hatukubaki maskini, kwani tunalo neno usuhuba, lenye asili moja na sahaba. Jee! Yuko Mwislamu asiyejua masahaba ni kina nani?

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu, mmoja kwa mmoja. Abdurrahman bin Auf alipewa Saad bin Rabii awe nduguye, na Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Salman Mfursi alipewa Abu Dardai, na Salman ndiye aliyemfunza mwenziwe kuwa mwili una haki yake na mke ana haki yake. Katika watu saba watakaofunikwa na kivuli siku isiyo na kivuli ila chake, tumefunzwa kuwa wamo watu wawili waliopendana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Na Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kuwa mtu akimpenda nduguye, amwambie. Amwambie kwa ulimi! Wangapi katika sisi wamepata kuyasikia maneno hayo kwa baba zao, au kwa rafiki zao? Tumenyamaza, kisha twastaajabu mtoto akiyatafuta katika simu.

Mwenye kuandika haya anafundisha Ilula, mji ulio katika njia kuu ya Dar es Salaam na Iringa, ukishaupanda mlima wa Kitonga. Msiseme kuwa ni mbali na pwani, kwani simu imeziweka Ilula na Lamu katika ukumbi mmoja. Watu wa huku ni wakulima wa nyanya na vitunguu. Vijana wawili hukodi shamba moja, wakanunua mashine moja ya kuvuta maji, wakalala katika kibanda kimoja kulinda mavuno, na asubuhi wakalibeba tenga la nyanya, huyu huku na huyu huku, mpaka kwenye lori. Na lori lenyewe lina dereva na utingo wake, walao sahani moja na kulala chini ya gari moja likiharibika mlimani. Nanyi watu wa pwani mnao wavuvi wa ngalawa moja, ambao roho ya huyu iko mikononi mwa yule. Bila ya usuhuba wa namna hii, hapana nyanya sokoni wala samaki jikoni.

Nawajua vijana wawili kama hao, waliosoma chuo pamoja tangu alifu. Mmoja alionekana na kitabu hicho katika simu yake. Baba akaivunja simu hadharani, jirani akaongeza neno lake, na kabla ya wiki kwisha wavulana wa kijiweni walikuwa wakiwapigia mbinja wakipita. Yule wa pili, ambaye hata jalada la kitabu hakuliona, akaona haya, akaliacha shamba la shirika. Nyanya zikaozea kwenye miche. Usuhuba wa miaka mingi ukafa, na hapakuwa na shahidi hata mmoja wa ovu lolote.

Sasa niambieni, ni nani aliyeueneza ujumbe wa kitabu kile pale mtaani? Kitabu kilikuwa katika simu moja. Waliokitoa nje wakakibandika juu ya vichwa vya watu ni sisi wenyewe. Kitabu kilisema kuwa usuhuba wa wanaume wawili ni mahaba, na mtaa mzima ukajibu, "Naam, ndivyo!" Mwenye kukichukia kitabu kwa fimbo na kukisadiki kwa dhana, huyo ni mwanafunzi wake hodari.

Sura ya Hujurat, aya ya 12, imetukataza mambo matatu kwa mfululizo: dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Askari kanzu wa serikali hupeleleza kwa sheria, na huulizwa ushahidi mbele ya hakimu. Wewe jirani, nani aliyekuvisha kanzu hiyo? Na Sura ya Nur, aya ya 4, imemwekea adhabu mwenye kusingizia zinaa asilete mashahidi wanne, na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamemwingiza humo na mwenye kumsingizia mtu uovu huu tunaousema. Basi mpiga mbinja wa kijiweni na mzee anayemchekea wajue wamesimama wapi.

Watu wa pwani wanaikumbuka Mtwapa, Februari 2010. Ulienea uvumi kuwa kuna harusi ya wanaume wawili. Umati ukatoka, na katika waliouhimiza walikuwamo viongozi wa dini, wetu na wa Kikristo. Kituo cha utafiti wa afya kikazingirwa, watu wakapigwa. Harusi haikuonekana. Jee! Tutasema nini siku ya hesabu juu ya damu iliyotoka kwa sababu ya harusi isiyokuwako? Kukataza maovu ni wajibu, lakini una masharti yake, na la kwanza ni elimu. Uvumi si elimu.

Tena tupime kwa mizani moja. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa kitabu chake, Kufa na Kupona. Mpelelezi wake, Willy Gamba, alikuwa hodari wa bastola na hodari wa wanawake, nao hawakuwa wake zake. Watu wakapokezana kitabu kwa furaha, na hakuna aliyevunjiwa kitu. Zinaa ya mwanamume na mwanamke imehalalishwa lini? Mtoto aliyekulia katika nyumba icheleayo haramu moja na kuipigia kelele nyingine, hujifunza kuwa wazazi wake wanaogopa maneno ya watu kuliko wanavyomwogopa Mola wao.

Na liko jambo ambalo wazazi wa kiume hawalijui. Wao huzipekua simu za wavulana. Lakini vitabu vya namna hii, huko Japani vilikoanzia katika miaka ya 1970, viliandikwa zaidi na wanawake wakiwaandikia wasichana, na huku kwetu vile vile wasomaji wengi niliowasikia ni mabinti. Kwa nini binti amsome Dee na Ryo? Niliuliza, kwa kupitia kwa mama yake, nikaletewa jibu la maneno machache: "Wanasikilizana."

Ndugu zangu, jibu hilo lilinishinda kulipuuza. Binti huyo hakuwa akitafuta haramu. Alikuwa akitafuta watu wawili waliolingana, mmoja akisema na mwenziwe akisikiza, mmoja akikataa na mwenziwe akingoja. Jee! Nyumbani kwake hajayaona hayo baina ya baba na mama? Kama kila usiku asikiayo ni amri na ukali, basi si ajabu akiutafuta upole New York kwa askari wa kuchorwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kuwahudumia watu wa nyumba yake. Sisi twaisoma sira hiyo kwenye maulidi, tukirudi nyumbani twaita maji kwa kupiga makelele.

Wala tusijifanye kuwa hatukuwa na hadithi zetu. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kisha Kisima cha Giningi mwaka 1968, na vinginevyo mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Humo yumo Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum. Wanazunguka pamoja, wanabishana, wanataniana, wanafumbua mafumbo ya mauaji, na hapana msomaji aliyewaona kuwa ni wengine ila marafiki. Sisemi kuwa kila ukurasa humo ni wa kusomeshwa chuoni. Nasema usuhuba wake ni safi, na Kiswahili chake ni kitamu. Basi nyumba ngapi za pwani leo zina kitabu hicho rafuni? Aliyeliacha shamba lake bila ya kulima asishangae mbegu ya jirani ikimea humo.

Watasema baadhi ya watu, "Sheikh amelegeza kamba." Sikulegeza. Kitabu hiki sikipendi mkononi mwa mtoto, na mzazi ana haki ya kukizuia. Lakini akizuie kwa kukaa naye, amwulize amesoma nini, amwonyeshe panapopotoka na kwa nini, wala asimtoe barazani. Na vijana watasema, "Hii ni hadithi tu." Lau hadithi hazifundishi, Mwenyezi Mungu asingetuletea sura nzima ya kisa cha Yusuf.

Basi tuwarudishie vijana usuhuba wao. Wawili wakilima pamoja, wasifiwe mbele za watu. Wakishikana mikono njiani kama walivyoshikana babu zao, waachwe. Baba na mwanawe wasome kitabu kimoja kwa wiki. Mume asikize mkewe mbele ya watoto wake. Na leo, kabla ya Isha, kila mwenye rafiki ampendaye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ainuke akamwambie, mwanawe akisikia.

Mola wetu atuunganishe nyoyo zetu juu ya kheri, atuepushe na dhana mbaya na maovu ya dhahiri na ya siri. Amin. Wabillahi tawfiq.